Ngoma ya Kuhesabu

Hapa Athi River mwezi wa Julai ndio mwezi wa makoti. Upepo unatoka uwanda wa Kapiti bila mti wa kuuzuia, mawingu yametanda tangu alfajiri, na foleni ya asubuhi kwenye geti la EPZ, eneo letu la viwanda vya kuuza nje, ni kofia za sufu na mikono iliyofichwa kwapani. Wenzetu wa Ulaya ndio kwanza wako kwenye msimu wao wa joto. Vyuo vimefungwa, vijana wao wako mbioni kwenda kujitolea nchi za mbali, huyu kuhesabu nyani, yule kupima miti. Kwetu pia wanafunzi wengi wa vyuo vikuu wako likizo ndefu, na wapo wanaoingia misituni. Wiki hii nimeletewa ujumbe na mama mmoja wa Kitengela, fundi wa cherehani katika kiwanda kimoja humu EPZ. Binti yake anasomea misitu, amepata nafasi ya kwenda kusaidia watafiti wa mikoko Kwale, miezi miwili, malipo hakuna. "Mimi hushona siku nzima ndipo nilipwe," anasema yule mama. "Huyu aende mwisho wa Kenya kufanya kazi ya bure? Nimwambie nini?"

Mama, nitakujibu, ila nitazunguka kidogo, maana mimi mwenyewe niliwahi kwenda huko huko.

Ilikuwa mwaka ambao kiwanda nilichokuwamo kiliishiwa na oda katikati ya mwaka. Watu wa EPZ mnaijua habari hiyo. Nguo zetu zimekuwa zikienda Marekani kwa mpango wa AGOA wa kuingiza bidhaa bila ushuru, ulioanza mwaka 2000, na mnunuzi wa huko akipunguza oda, huku laini nzima inaambiwa ikae nyumbani ingoje simu. Mimi nilikuwa mtu wa kwaliti. Sikushona hata pindo. Kazi yangu ilikuwa kusimama mwisho wa laini na tepu shingoni: kiuno, nyonga, paja, urefu wa ndani wa mguu. Suruali ikizidi kipimo au ikipungua, irudi ikafumuliwe, na aliyeishona anakutazama kwa jicho la kutamani uteleze ngazini. Basi simu haikuja. Shemeji yangu aliyekuwa akifanya kazi pwani ya kusini akaniambia kuna watu wanatafuta mikono ya kusaidia kupima mikoko. Pa kulala papo, chakula kipo, mshahara haupo. Dada niliyekuwa nikiishi naye alikuwa amelipa kodi ya nyumba. Nikaenda. Habari ya hiyo kodi iweke pembeni kwanza, msikilizaji, tutaifikia.

Siku hizi safari yenyewe si ya kuogopesha. Treni ya SGR inayosimama njiani ina kituo hapa hapa Athi River. Unapita Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, hadi Mombasa. Unavuka kwa feri ya Likoni, unapanda matatu ya kwenda Lunga Lunga, na kilomita 50 hivi kusini mwa Mombasa unamwambia makanga akushushe Gazi, huko huko Kwale. Ni kijiji cha wavuvi chenye jina kubwa kuliko ukubwa wake. Hapo ndipo Sheikh Mbaruk bin Rashid, Mmazrui aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896, alipokuwa na makao yake. Julai ni wakati wa kusi, bahari imechafuka, na wavuvi hawaendi mbali.

Kabla ya kuingia msituni, ujue msitu wenyewe ulipata masaibu gani. Miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za viwanda, kuchomea chokaa na matofali. Sehemu nyingine zilibaki tope tupu lenye visiki, na hazikurudi zenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtafiti Mkenya, James Kairo, akaanza kupanda upya kwa majaribio, ploti kwa ploti, aina kwa aina, aone ipi inashika wapi. Baadaye Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, ikashirikiana na Mark Huxham na wenzake wa Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier huko Uskoti. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 2013 ukazaliwa mradi wa Mikoko Pamoja wa vijiji vya Gazi na Makongeni. Mradi unalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa ambayo msitu unaihifadhi, tani kama 3,000 kwa mwaka, chini ya cheti cha Plan Vivo. Fedha zimeingia kwenye maji ya kunywa na kwenye shule. Mwaka 2017 mradi ukapewa tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Na katika miaka hiyo ya utafiti, kazi kubwa ya kupima ilifanywa na watu wa kujitolea. Wengi waliletwa na shirika la Earthwatch kutoka ng'ambo, na mchango wa fedha walitoa wao. Sikia vizuri: walilipa ndipo waingie kwenye tope.

Sasa kazi yenyewe. Saa ya kuingia msituni hapangi mtu, inapangwa na maji. Siku za bamvua maji hupwa mbali na kujaa kwa nguvu, kwa hiyo unaingia yakitoka na unahakikisha umerudi kabla hayajageuka. Siku za maji mafu una nafasi zaidi lakini kuna ploti hutazifikia. Ukifika, ploti ni mraba wa mita 10 kwa mita 10, umezungushiwa kamba, na miti ina vibati vyenye namba. Mmoja anapima, mmoja anashika fimbo ya kupimia kimo, mmoja anaandika kwa penseli, maana wino hauvumilii maji ya chumvi.

Mti wa bara hupimwa unene kwenye kifua cha mtu, mita 1.3 kutoka ardhini. Mkoko wenyewe haukubali kipimo hicho. Umesimama juu ya mizizi inayochomoza shinani na kupinda kwenda kwenye tope, na ukipima mita 1.3 unaweza kuwa unapima mizizi bado. Inabidi utafute mzizi wa juu kabisa, upande sentimita 30 juu yake, hapo ndipo uzungushe tepu. Nayo tepu ya msitu ni ya ajabu kidogo. Namba zake zimekwisha kugawanywa kwa 3.14, ukizungusha shina unasoma kipenyo papo hapo. Siku ya kwanza nilipopewa nilidhani imechapishwa vibaya, nikataka kuirudisha.

"Mkoko, sita nukta mbili, umbo la pili," anataja mpimaji. Anayeandika anarudia yote: "Mkoko, sita nukta mbili, umbo la pili." Asiporudia, haikuhesabiwa. Umbo la kwanza ni mti ulionyooka unaofaa kujengea, la pili una kasoro kidogo, la tatu umepinda. Kisha mnainama kwenye miche, na hiyo ina makundi yake: iliyo chini ya sentimita 40, iliyo kati ya sentimita 40 na 150, na iliyozidi hapo hadi kufika mita 3. Mgongo unauma kuliko siku ya kupakia kontena. Usubi unakuingia masikioni. Kaa anakutazama kutoka shimoni mwake akijua wazi kwamba wewe ndiye mgeni.

Pamoja nasi alikuwa mzee mmoja wa kijiji. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," naye hujibu, "Marahaba, mwanangu, leo usitupotezee penseli." Ujanani alikuwa mkataji wa boriti. Sisi tulipima kwa tepu, yeye alipima kwa jicho. Akitazama shina anakwambia hili fito, hili pau, hili limefika boriti, hili linakwenda kwenye nguzo. Hayo ni majina ya soko la miti ya kujengea, yamepangwa kwa unene, na boriti ni kati ya sentimita 8 na 13. Ukizungusha tepu, unakuta amepatia. Yeye ndiye aliyenifunza kuutofautisha mkandaa na muia kwa mizizi na ganda, na kwamba mchu ndio wenye vijiti vinavyochomoza kwenye tope kuvuta hewa na majani yake huacha chumvi ukiyaramba. Enzi za babu zake miti hiyo ilipakiwa majahazini, hasa Lamu, ikapelekwa Uarabuni ambako msitu wa kujengea haupo. Biashara ya kuipeleka nje ilipigwa marufuku mwaka 1982. Nilimuuliza haimuumi kulinda mti aliokuwa akiukata? Akasema mkataji ndiye anayejua umebaki wa kutosha au haukubaki.

Kilichonikaa zaidi ni ploti za miti iliyopandwa ikafa. Unafika mahali ambapo karatasi inasema pana mti nambari fulani, unatafuta kibati, unakuta kibati kimening'inia kwenye kijiti kikavu au hakipo kabisa. Unaandika "haupo". Kuandika "haupo" kunachukua muda ule ule wa kuandika mti mzima wenye afya, na hakuna anayekukasirikia. Kiwandani, suruali mbovu ni aibu ya mtu. Pale, mti uliokufa ni habari: labda ulipandwa karibu mno na bahari mawimbi yakaung'oa, labda mchanga uliufukia, labda aina si ya mahali pale. Asiyeandika "haupo" atapanda pale pale tena mwakani.

Hapo ndipo nilipoielewa kazi ya msituni, na ndilo jambo ninalotaka kumwambia mama wa Kitengela. Wengi wetu tukisikia kijana amekwenda kujitolea msituni tunadhani amekwenda kupanda miti. Kupanda ni asubuhi moja. Mkoko wenyewe ni rahisi kupanda kuliko mahindi: tunda lake huota likiwa bado juu ya mti, linaning'inia refu kama sindano ya kushonea magunia, nawe unalichomeka kwenye tope basi. Kazi ni kurudi. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano, wa kumi, kwenye ploti ile ile, na kuandika kilichopo. Hewa ya ukaa ya Gazi inanunuliwa kwa sababu kuna vitabu vya namna hiyo. Bila vipimo, hekta 117 zingekuwa kichaka kizuri cha kupigia picha, na shule isingepata hata chaki.

Sisi Wakenya kupanda tunakujua kwa sherehe, na sherehe hiyo ina historia. Mwaka 1920 alifika nchini kijana Mwingereza, Richard St. Barbe Baker, ofisa wa idara ya misitu ya kikoloni. Alikuta vilima vya Kikuyu vimevuliwa miti, na walowezi wana sehemu kubwa ya lawama hiyo ingawa vitabu vyao havikupenda kusema. Alipowauliza wazee mbona hawapandi, wakamjibu kwamba miti ni shauri la Mungu. Akatambua kwamba kulikuwa na ngoma ya kupanda maharagwe na ngoma ya kuvuna mahindi, lakini ngoma ya miti hapana. Basi mwaka 1922, akisaidiwa na Chifu Josiah Njonjo, akaitisha ngoma ya miti, vijana wakaja kwa wingi wamejipamba, na kutoka kwao wakachaguliwa wa kujitolea waliokula kiapo cha kupanda na kulinda miti. Wakajiita Watu wa Miti, na jina hilo la Kiswahili likavuka bahari likawa chama cha kimataifa. Kwa hiyo kijana wa Ulaya anayepanda ndege leo kwenda kujitolea msituni anafuata, bila kujua, njia iliyoanzia nusu ya siku kwa miguu kutoka Nairobi.

Baker aliipata ngoma ya kupanda. Ya kuhesabu hatukuipata.

Tuliisogelea mara moja. Mwaka 1977 Wangari Maathai, akiwa na Baraza la Kitaifa la Wanawake, alianzisha kazi iliyokuja kuitwa Green Belt. Siku ya kwanza, Juni 5, walipanda miti 7 Kamukunji, Nairobi, hotuba zikatolewa, na yeye mwenyewe ameeleza kwamba iliyopona ni 2. Alijifunza haraka. Akina mama wa vijijini wakawa wanalipwa senti chache kwa kila mche, lakini senti hizo zilitoka baada ya kuthibitika kwamba mche umeshika. Walilipwa kwa kupona kwa mti, hawakulipwa kwa kuupanda. Kwa hiyo ilikuwa lazima mtu arudi, ahesabu, aandike. Wanaomsifu Wangari kwa mamilioni ya miti hulisahau lile daftari, na kwa maoni yangu daftari ndilo lililompeleka Oslo mwaka 2004 kupokea Tuzo ya Nobel ya Amani.

Sasa tazama tunavyofanya. Novemba 13, 2023, serikali ilitoa sikukuu ya taifa ya kupanda miti, lengo likiwa miche milioni 100 kwa siku moja. Rais Ruto alikuwa Kiu, Makueni, si mbali na hapa ukishuka barabara ya Mombasa. Mei 10, 2024, ikatolewa sikukuu nyingine, ya kuwakumbuka waliokufa kwa mafuriko, nayo tukaambiwa tupande. Watu wa Athi River hatukuhitaji kukumbushwa mafuriko, maji yalikuwa yameingia majumbani mwetu. Shabaha kuu ni miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na nchi ifunikwe kwa miti asilimia 30. Tathmini ya mwaka 2021 ilipata asilimia 12.13. Kuna programu ya simu, JazaMiti, unayoandikia ulichopanda na mahali. Ni jambo jema. Lakini naomba sikukuu ya tatu, na sitaki miche wala kofia za bure. Nataka siku ambayo kila aliyepanda Novemba ile anarudi palepale na penseli.

Najua tutakachokuta hapa kwetu. Ardhi ya Athi River ni udongo mweusi ule wa kunata. Masika unashika maji hadi mizizi inakosa hewa, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, na mizizi michanga inakatika humo. Tena huu uwanda wa Athi na Kapiti kwa asili ni nchi ya nyasi. Pundamilia na nyumbu walikuwa wakitoka mbuga ya Nairobi kupita Kitengela kufuata malisho, kabla yetu sisi na ploti zetu za 50 kwa 100. Si kila uwanda unalilia msitu, na mtu wa misitu aliyesoma atakwambia hivyo hata kama mkubwa amekuja na lori la miche. Kando ya mto, migunga ya ganda la manjano inajiotea yenyewe. Juu ya vilima vya Ukambani, mukau ndio wenyewe: mbao nyekundu ngumu ambayo mchwa hawaipendi, na hauchoki na ukame.

Mukau nao unataka watu wa kujitolea wenye subira. Mbegu imefungwa ndani ya kokwa gumu kama jiwe. Lazima kokwa lipasuliwe kwa kisu bila kuijeruhi mbegu, kisha ngozi ya mbegu ichanjwe kidogo tu ili maji yaingie. Ukikata zaidi, umeua, na ukikata pungufu, itakaa mchangani bila kuota. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, imefanya kazi ya miaka mingi juu ya mti huu katika kituo chake cha Kitui, ikisaidiana na Wajapani wa JICA. Nikiwaza ni nani Kenya ana vidole vya kazi hiyo, nawaona dada zangu wanaokata nyuzi kwenye meza za mwisho, wale wanaopitisha ncha ya mkasi kati ya uzi na kitambaa kutwa nzima bila kutoboa.

Nakuja kwenye ile kodi niliyosema tuiweke pembeni. Watu wa Earthwatch walilipa ndipo wafanye kazi, na siwalaumu. Mchango wao ulisaidia utafiti ambao pengine usingepata fedha kwingine. Lakini matokeo yake ni kwamba neno "kujitolea" kwetu limekuwa la mwenye nauli. Mwanafunzi ambaye wazazi wake wako Runda atakwenda Gazi, atakwenda Kakamega, atarudi na barua ya sifa, na akiomba kazi ya misitu ataulizwa uzoefu naye anao. Mwenzake ambaye mama yake anashona mifuko ya jinzi ataulizwa swali hilo hilo, naye likizo nzima alikuwa akiuza viazi karai Mlolongo ili arudi chuoni. Mimi nilikwenda kwa sababu ya dada. Kama kodi ingekuwa yangu, ningebaki getini na wengine.

Serikali ya zamani ilijaribu dawa yake. Kuanzia mwaka 1984 hadi 1990 ilikuwa lazima kupitia National Youth Service kabla ya kuingia chuo kikuu. Waliopitia wanasimulia hadi leo, wengine kwa fahari, wengine kwa masikitiko, na wote wanataja sare za khaki na kuamshwa kabla ya jogoo. Tajiri na maskini walilala bweni moja. Sisemi turudi kwenye ulazima. Nasema wakati ule hakuna aliyeulizwa nauli.

Kwa hiyo, mama, nikujibu. Binti aende. Asiende kwa kuwa ni sifa kufanya kazi bila malipo, hiyo lugha waachie wenye akiba. Aende kwa kuwa akirudi atajua kitu ambacho wakubwa wengi wa misitu nchini hawakifanyi, kuingia kwenye ploti waliyoipanda na kuandika "haupo". Wewe mwenyewe utamwelewa haraka kuliko profesa. Mtu anayejua tofauti ya robo inchi na nusu inchi haongopewi kuhusu milioni 100.

Lakini kabla hajafunga begi, aulize mambo, na aulize kwa maandishi. Nani anayetoa chakula, na ni milo mingapi. Akivunjika mguu juu ya mizizi ya mkoko, nani anayelipa hospitali. Nauli ya kurudi iko mkononi mwa nani. Na vipimo atakavyokusanya vitakapochapishwa, jina lake litatajwa au litazama kwenye "tunawashukuru wote waliotusaidia"? Anayejibu vizuri maswali hayo ni mtu wa kufanya naye kazi. Anayekasirika, akae naye mbali. Kama hajapata mahali bado, aende ofisi ya Huduma ya Misitu katika kaunti, au kwenye chama cha jamii cha msitu ulio karibu. Vyama hivyo vipo kisheria tangu Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, na vingi vina ploti za kuhesabiwa na watu wachache wa kuzihesabu.

Na wenye viwanda wanaonisikiliza, mna wiki zisizo na oda kila mwaka. Mna watu wa kwaliti wanaokaa nyumbani wakiwa na macho ya kupima kuliko wahitimu wengi. Kila kiwanda kina picha ya mkurugenzi akipanda mti kando ya ua. Toeni nauli na chakula cha mchana kwa watu wanne tu, waende Kitui au Gazi wiki hizo, na wakirudi waanze na ile miti ya kwenye ua. Itachukua saa moja. Nadhani dakika kumi zitatosha.

Jambo la mwisho ni kwa binti mwenyewe, maana najua mama yako amefungua redio. Kwale usiende na gambuti. Tope la mikoko linavua gambuti na kubaki nazo, nawe unatoka na soksi. Chukua raba kuukuu za kufunga kamba, zikaze sana, na ubebe penseli nyingi kuliko unavyodhani utahitaji. Yule mzee hupenda kuzikopa.